Mistari Niliyoiruka

Bweni la Wasichana,
Masasi.
Jumatano, 7 Februari 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Ya mama nimeiweka humu humu, umpe kabla hujafika chini ya ukurasa, maana najua unasoma polepole. Mimi mzima, sina homa, chakula kinapita. Natumaini na nyinyi mko hivyo, mgongo wako umetulia na kisima cha mvua kimejaa.

Barua hii nitampa jirani yetu Bi Adija kesho akitoka kliniki yake ya macho pale hospitali ya Mkomaindo. Amesema kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, akishuka Masasi atapita hapa getini, mwenye barua ampe.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati Jumapili tuliongea kwa simu. Baba, ile simu tunapewa kwa foleni, na nyuma yangu walikuwepo watu kumi wanasikiliza. Uliniuliza chakula, nikasema kizuri. Ukaniuliza masomo, nikasema mazuri. Ukaniuliza karakana, nikasema nzuri. Ungeniuliza kama nimekufa ningesema vizuri tu.

Nina jambo, na kwa mdomo siliwezi.

Unaikumbuka siku ile karatasi ya kujiunga na chuo ilipofika? Ulikuwa unanoa panga. Ukaipindua, ukaona Kiingereza kitupu, ukanipa. Ukasema, "Soma wewe, ndiyo kazi niliyokupelekea sekondari." Nikawa nasoma kimoyomoyo halafu nakugeuzia kwa Kiswahili. Mashati meupe mawili. Suruali ya bluu. Sweta. Viatu vyeusi vya kufunga. Kila nikitaja kitu ulikuwa unakunja kidole. Mkono ulipojaa ukaangalia mikorosho. Ile ile ambayo mwaka jana maua yalikauka yote kwa ugonjwa wa ubwiriunga, tukaokota korosho za kujaza ndoo.

Chini ya karatasi kulikuwa na mistari miwili zaidi. Ovaroli nzito ya pamba. Buti za ngozi zenye chuma mbele. Nikaikunja karatasi. Nikasema, "Basi baba, ndiyo hivyo."

Niliiruka, baba. Si kwamba sikuielewa.

Sasa huku karakana ya uchomeleaji ni kila Jumanne, na mlangoni pamechorwa mstari wa njano. Glovu na miwani chuo kinatoa, lakini bila ovaroli na buti huvuki. Unakaa nje kwenye benchi. Wenzangu wanaliita benchi la wageni. Mwanzoni tulikuwa sita, sasa nimebaki peke yangu, nasikiliza vyuma vinavyolia ndani. Yupo msichana wa hapa hapa mjini, anaitwa Queen, kila akipita anasema, "Hodi mgeni, wenyeji wako hawajatoka?" Wanacheka. Na mimi nacheka, sijui kwa nini.

Nimeshakosa Jumanne tatu. Ukifikisha kumi na mbili hufanyi jaribio, unahamishiwa fani yenye nafasi, na yenye nafasi ni ushonaji. Sina ubaya na ushonaji. Ila mimi nilikuja kuchomelea.

Lipo kabati la nguo za kuazima, zimeachwa na waliomaliza. Kila Jumanne asubuhi, mstarini, Matroni Flora anauliza, "Asiye na vazi la karakana?" Mtu anatakiwa anyooshe mkono mbele ya chuo kizima. Mkono wangu unakuwa mzito kama si wangu.

Usiuze kitu. Sijaandika ili uuze kitu. Nimeandika kwa sababu kukudanganya kumenichosha kuliko kukaa benchi.

Mwanao,
Mwanne


Mnyambe, Newala.
Jumanne, 20 Februari 2024

Mwanangu Mwanne,

Marahaba. Mama yako naye anasema marahaba, na anauliza kama huko wanakula ugali wa makopa ya muhogo au ndiyo mmeshakuwa watu wa sembe. Sisi wazima. Mgongo upo pale pale, haujapanda cheo wala haujastaafu. Kisima kimejaa mpaka mdomoni.

Barua nimeisoma. Sikuhitaji kuisoma sana.

Mwanangu, nilijua. Karatasi ile ilikuwa ndefu kuliko sauti yako. Nilikuona macho yanashuka chini, mdomo umesimama. Baba gani asiyejua hivyo? Ila na mimi nilinyamaza. Nikasema moyoni, kama mtoto ameamua yaishe hapo, basi yaishe hapo. Nikapumua. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, tulikunja karatasi ile watu wawili.

Mzigo alionao Bi Adija ni wako. Kuna ovaroli yangu ya bluu, ile niliyopewa tulipokuwa tunajenga barabara. Ni pamba nzito, haina mzaha. Na buti zake zimo, chuma mbele kipo, nimegonga kwa nyundo nikahakikisha. Najua ndiyo ninayovaa kupulizia mikorosho, lakini mama yako ameifua mara mbili kwa maji mengi, tena ya mvua. Anakwambia, "Asije akawapulizia walimu." Kunja mikono mara mbili. Buti weka vitambaa puani.

Na lile kabati lisikupite. Mkono si wa kulia ugali tu.

Mimi baba yako,
Hamudi


Masasi.
Jumatano, 6 Machi 2024

Kwako Baba,

Shikamoo wewe na mama. Sisi huku ni wa sembe, mwambie, na maharage kila siku, nimeanza kuota makopa.

Nimeingia! Jumanne mbili sasa. Ovaroli ni kubwa, nikikaa inakaa baada yangu, lakini Mwalimu Dunstan aliangalia kitambaa akasema, "Hii ndiyo pamba, wengine wamevaa mapazia." Jana nimeunganisha vipande viwili vya chuma. Kiungo kimepinda kidogo kama njia ya ng'ombe, ila hakikuachia nilipokipiga nyundo. Queen akiinusa ananiita Mkorosho. Nimemwacha.

Buti zako zinanipeleka polepole lakini zinafika.

Mwanao,
Mwanne


Mnyambe.
Jumatano, 3 Aprili 2024

Mwanangu Mwanne,

Tunakusalimu, na funga yako ikubaliwe. Hapa siku zinakwenda, jua kali, jioni mama yako anatugawia ming'oko, vile viazi vya porini, na uji. Hatujambo kwa kadiri ya mtu aliyefunga.

Bi Adija alirudi ile Alhamisi ya tarehe ishirini na moja mwezi wa tatu mikono mitupu. Anasema ulitoka getini, ukamwamkia, ukasema barua utaandika. Nikamuuliza, alikuwaje? Akasema, "Macho yangu na wewe unayajua, niliona mtoto kasimama." Sasa hiyo ni habari gani?

Kama unaumwa sema. Kama umekosana na mtu sema. Na kama ni uvivu, huo nao sema, tutakuelewa. Idi ikipita nitajitahidi nishuke mwenyewe. Nina hamu ya kuona huo mstari wa njano mtoto wangu akiuvuka.

Baba yako


Masasi.
Jumatano, 17 Aprili 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Sijui niulize hali yako vipi, kwa sababu jana nilikuona.

Nianze nyuma kidogo.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, ilikuwa ndiyo siku ya kwanza ya funga, Mwalimu Dunstan alinipa grenda nikate bomba. Nikapiga magoti nikakata, cheche zikawa zinaruka upande wangu wa kushoto. Nikasikia joto nyongani. Nikaangalia, sikuona moto. Kumbe moto wenyewe ni wa bluu, mchana hauonekani. Kilichoonekana ni moshi, na harufu yake ikatukaba wote. Mtu mmoja akapiga kelele, "Gesi!" Wakakimbia, wengine wamebeba glovu za wenzao. Mwalimu akakimbilia mitungi kuifunga, huku anakohoa, machozi yanamtoka. Queen peke yake ndiye aliyerudi. Alinimwagia ndoo nzima ya mchanga, akanivuta nje kwa kola kama mbuzi.

Nyonga imeungua kidogo, imeshapona. Usimwambie mama.

Nikaivua ile ovaroli, Mwalimu akaishika kwa ncha ya chuma, akageuza mfuko. Kwenye mshono kulikuwa na unga wa njano umekaa kama mchanga wa mtoni. Yeye ni mtu wa Njombe, kwao hakuna mikorosho, akauliza, "Hii nini?"  Queen akajibu, "Ticha, si salfa hiyo! Dawa ya mikorosho! Huyu kaja na shamba la baba yake mzima." Uwanja wote ukacheka, watu na machozi yao. Tangu siku ile jina la Mkorosho limeongezwa, sasa ni Mkorosho Ulioungua.

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Mwanne, mimi sikufukuzi. Ninachokifukuza ni ovaroli. Jumanne nyoosha mkono, Matroni akupe ya kabatini, urudi kazini." Maneno mepesi tu.

Jumanne ikafika, Matroni akauliza, sikunyoosha. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Nilikuwa naona kama nikinyoosha, watu wote watakuona wewe, na bomba mgongoni, na mikorosho yako. Kwa hiyo nikarudi benchi. Nikawa navaa buti zako na sare, nakaa. Bi Adija alipokuja sikuwa na la kuandika. Nilikuandikia kwamba nimeingia, ningekuandikia vipi kwamba nimetoka?

Sasa jana.

Nilikuwa benchi, Queen katoka kunywa maji, akakaa pembeni yangu. Nikamwona mtu getini. Nikakujua kwa kofia kabla sijakujua kwa uso. Mlinzi alikuwa anakuonyesha ule ubao wa mavazi, ule unaosema mgeni haingii na kandambili. Ukaangalia ubao, ukaangalia miguu yako. Na mimi nikaangalia yangu.

Queen akasema, "Masikini yule mzee kapotea, anatafuta mnadani." Halafu akaniangalia. "Unamjua?"

Nikatikisa kichwa, baba. Nilikataa kwa kichwa, hata mdomo sikuutumia.

Ukasema kitu na mlinzi, ukageuka. Hukuharakisha. Nilihesabu hatua zako mpaka kona. Ningeweza kukimbia nikakupata, buti si nzito kiasi hicho. Sikukimbia. Queen akasimama akaingia karakana, mimi nikabaki mpaka kengele.

Nimeshakosa tisa, maana ile Jumanne ya kuamkia Idi karakana ilifungwa. Zimebaki tatu nihamishwe, na sijui kama nastahili kubaki. Usinisamehe haraka. Ukinisamehe haraka nitajua hukuisoma vizuri.

Mwanao,
Mwanne


Mnyambe.
Jumanne, 30 Aprili 2024

Mwanangu Mwanne,

Marahaba. Nyumbani wazima. Mvua zimeanza kukata. Mama yako nimemwambia kwamba hujambo. La nyonga sijamwambia, kama ulivyotaka, ingawa sipendi.

Barua nimeisoma vizuri. Nimeisoma shambani, nikaisoma tena, ndiyo maana sikujibu kwa haraka.

Na mimi nilikuona.

Nilichagua Jumanne makusudi, nikuone ukiingia karakana na ovaroli yangu. Mlinzi yule ni kijana wa adabu, alisema, "Mzee, samahani, soma ubao." Nikasoma. Nikainua macho, nikakuona umekaa na mwenzako, una sare, huna ovaroli, na buti nikazitambua. Nikaelewa kwamba mambo hayako sawa. Nikakuona umetikisa kichwa. Nikamwambia mlinzi, "Nimekosea, baba, mimi natafuta hospitali." Akanielekeza vizuri kabisa, kulia, halafu kushoto. Nikaifuata ile njia mpaka Mkomaindo ili asinione mwongo, nikakaa pale na wagonjwa nikapumzika, nikapanda gari la kurudi. Mama yako nikamwambia nimekuona na umenenepa.

Unaona? Ulinikataa, na mimi nikajikataa. Nani amsamehe nani?

La salfa ni kosa langu. Mwaka wa kumi na tano huu naishika, najua haiyeyuki kwa maji, inakaa kwenye mshono inasubiri. Nilitaka tu uwe umevaa. Buti usirudishe. Mimi wala sina safari.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama yako halijui. Mwaka jana ulisikia nikisema salfa haikutosha. Haikuwa hivyo. Tuliitwa kwenye kikao cha ushirika, ikasomwa orodha ya watu wa kupewa. Walisoma wa mbele yangu, wakasoma wa nyuma yangu. Mimi nikarukwa. Msomaji aligeuza ukurasa tu, sidhani hata alikuwa na nia mbaya. Ilitakiwa ninyooshe mkono niseme, "Bado mimi." Palikuwa na watu wengi. Nikangoja mtu mwingine aone. Hakuna aliyeona, kila mtu anasikiliza jina lake. Kikao kikafungwa, nikatoka na wenzangu tunaongea habari za mvua.

Basi maua yakaungua. Ndiyo hiyo mikorosho uliyoniona naitazama siku ile unasoma karatasi. Hukuiruka mistari kwa sababu ya ubwiriunga, mwanangu. Uliiruka kwa sababu baba yako alikaa kimya kikaoni. Tabia hii hukuiokota njiani.

Jumamosi ya tarehe kumi na moja wanasoma tena orodha. Nitakwenda.

Sikuamrishi kitu. Ningekuamrisha kwa mdomo gani?

Baba yako,
Hamudi


Masasi.
Jumatano, 15 Mei 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Mimi mzima ila mikono inauma, na utajua kwa nini.

Barua yako niliipata Alhamisi. Jumanne iliyofuata, tarehe saba, ingekuwa ya kumi na mbili. Asubuhi nilikwenda mstarini bila kunywa chai, haikupita. Matroni Flora akasoma matangazo ya maji, akasoma ya usafi wa mabweni, halafu akauliza kama kawaida yake, huku anafunga daftari kwa sababu hakuna anayejibu, "Asiye na vazi la karakana?"

Nikanyoosha. Sikuuhisi mkono, ila niliona watu wanauangalia.

"Mwanne? Unataka kwenda chooni?"

Wakacheka. Nikasema, "Hapana, Madam."

"Sikusikii."

"Sina ovaroli. Niliyokuwa nayo ni ya baba, ya kupulizia mikorosho, iliungua. Naomba ya kabatini."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka wapishi wakachungulia jikoni. Nikangoja kicheko. Kilianza kidogo upande wa wavulana wa umeme, kikakosa watu wa kukisaidia. Kisha Queen, aliyesimama mbele yangu, akanyoosha wa kwake. "Madam, na mimi buti hizi za kaka yangu, amezitaka tangu mwezi wa pili." Akafuata mmoja wa useremala. Ikafuata mikono mingine nyuma, nikashindwa kuigeukia. Matroni akafungua daftari tena, akasema, "Makubwa! Kumbe nalisha chuo cha watu walioazima."

Usifurahi sana, baba. Kabati lilipofunguliwa zilikuwemo ovaroli tatu, moja ya mtu mnene kuliko wote niliowahi kuwaona, na buti mbili, zote za mguu wa kushoto. Tumegawana zamu. Mimi naingia asubuhi, saa sita naivua ovaroli anavaa mwingine ikiwa na jasho langu. Queen naye nimempa buti zako kwa zamu ya mchana. Kanuna, anasema mguu wake hauwezi kuwa mdogo hivyo, tumejaza vitambaa.

Mwalimu Dunstan alikuwa ananisubiri mlangoni. Akasema kumi na moja si kumi na mbili, lakini kumi na moja hazijifundishi zenyewe. Kwa hiyo likizo ya mwezi wa sita wenzangu wote watakwenda nyumbani, mimi nabaki kufidia. Sitakuwepo wakati wa kupuliza. Utanisamehe, na hilo unaweza kunisamehe haraka.

Lingine. Siku ile ile tukiwa tunabadilishana buti nilimwambia Queen, "Yule mzee wa getini ni baba yangu." Akabaki na buti moja mkononi. Akasema, "Yule niliyesema kapotea?" Nikasema ndiye. Akasema, "Na hukunipiga?" Nikasema nilikuwa nimechoka. Akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. Akasema, "Akija tena niite, nitamtolea kiti." Ndivyo anavyoomba radhi, hajui njia nyingine.

Jumamosi imepita. Naogopa kukuuliza.

Mwanao,
Mwanne


Mnyambe.
Jumamosi, 18 Mei 2024

Mwanangu Mwanne,

Marahaba. Hali zetu ni za watu waliochoka lakini wanakula. Mama yako mzima, mbuzi wazima.

Uliogopa kuuliza, na mimi niliogopa uniulize. Nijibu.

Nilikwenda. Nilivaa ile kanzu ya Idi. Orodha ikasomwa. Sikuwemo tena. Nadhani walinakili ile ya mwaka jana kama ilivyo, na aliyerukwa mara moja sasa ni kama hajawahi kuwepo. Nilikuwa nimejiandaa, mwanangu, neno nilikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi, "Bado mimi." Msomaji akauliza, "Kuna ambaye hajasikia jina lake?" Aliuliza kabisa, mwaka huu aliuliza. Nikaangalia magoti yangu. Kikao kikafungwa.

Juzi jioni Bi Adija akaleta barua yako. Nimeisoma nimesimama, kisha nikamsomea mama yako, yote, na ya nyonga nikamwambia, na ya kikao cha mwaka jana, na ya mwaka huu. Sikuruka kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.  Akaenda kuinjika chai. Alipoileta ndipo akasema, "Hamudi, mtoto wa miaka kumi na saba." Basi, hilo tu.

Leo asubuhi nimekwenda nyumbani kwa katibu wa ushirika. Nimemkuta anapiga mswaki. Nikamwamkia, akaniuliza kuna msiba? Nikasema hakuna. Nikasema, "Jina langu limerukwa, miaka miwili sasa. Mimi Hamudi, nina mikorosho arobaini na sita, iko nyuma ya kwa Mujibu, njoo uione." Nilisema haraka haraka, kama mtu anayekimbizwa. Akatema maji, akaniangalia, akasema salfa imeshagawiwa yote, ila kuna watu hawajachukua ya kwao, nirudi Jumatatu.

Nimesema nitarudi.

Inawezekana Jumatatu atasema Jumatano. Namjua, na ofisi naijua. Miguu inaniuma na mgongo nao umejiunga. Lakini barua hii itangoja Bi Adija ashuke tena kliniki, kwa hiyo utakapokuwa unaisoma Jumatatu hiyo itakuwa imepita, na kama alisema Jumatano, Jumatano nayo itakuwa imepita. Ujue tu kwamba zote mbili nilikwenda.

Baba yako,
Hamudi